Banda umiza la hapa Mwanga, Kigoma: maoni yangu kuhusu mpira, muvi na muziki wake

Watu wakiulizia banda umiza zuri Kigoma, yani banda la kulipia kiingilio uangalie mpira na muvi, utasikia skrini inchi ngapi, kuna feni au hamna, kiingilio shingapi, mimi swali langu la kwanza ni spika. Nisikie kwanza. Picha saivi kila mtu anayo mfukoni, goli likifungwa dakika mbili mbele klipu imeshazunguka magrupu yote, sasa mtu unatoka nyumbani na hela yako ukakae kwenye benchi la mbao umebanwa bega huku na huku kwa ajili ya nini kama sio ile sauti, mtangazaji, watu wakilipuka, muvi ikitafsiriwa, wimbo ukipigwa wakati mnasubiri timu zitoke. Kwaiyo haya ni maoni yangu kuhusu banda moja la hapa Mwanga, ukipanda kutoka sokoni, mimi ni mteja wake wa muda mrefu na nimekaa kwenye mabanda mengine mengi tu, Ujiji, Gungu, Katubuka, hivo nalinganisha nikiwa najua.

Kiingilio mechi ya kawaida jero (mia tano), ikiwa Simba na Yanga au fainali yoyote buku (elfu moja), muvi mia tatu. Kwa Kigoma hiyo ni bei ya haki kabisa, kifurushi cha king'amuzi cha mwezi mzima ukikipigia hesabu na bado hujanunua TV wala dishi unaona kwa nini mtu wa kipato cha kawaida anakuja banda. Hilo sitalirefusha.

Twende kwenye mpira. Kitu cha kwanza ninachompendea mwenye banda ni kwamba kukiwa na chaguo la utangazaji wa Kiswahili anaweka Kiswahili, hata vijana wa benchi la mbele wapige kelele wanataka Kiingereza kwa sababu wamezoea yale majina ya wachezaji yatamkwe vile. Ligi Kuu yetu ya NBC ipo king'amuzi cha Azam na inatangazwa Kiswahili kwaiyo hapo hamna ugomvi, ugomvi unakuja kwenye mechi za Ulaya. Na mimi nipo upande wa mwenye banda asilimia mia. Mzee ambaye ametoka Kibirizi amekaa pale anataka kujua kwa nini beki wa kushoto anaingia katikati, mtangazaji akimueleza kwa lugha yake ataelewa, na dakika ya sitini utamsikia anabishana na kijana kuhusu mabadiliko ya wachezaji na hoja zake zinasimama. Weka Kiingereza uone, nusu ya banda inaangalia mpira unavotembea tu.

Alafu hapa kwetu banda lina kalenda yake ambayo sidhani Dar wanayo. Wavuvi wa dagaa wanavua kwa taa, giza ndo kazi yao, mwezi ukiwa mkubwa angani dagaa hawakusanyiki kwenye taa basi wanabaki nchi kavu. Usiku wa mbalamwezi ukikutana na mechi ya Ligi ya Mabingwa Ulaya, fika mapema au usifike. Watu wa Kibirizi na Katonga wanajaa, wanakaa pamoja, na wale jamaa wana sauti aisee, watu waliozoea kuitana kati ya mtumbwi na mtumbwi usiku wa manane hawashangilii kwa kunong'ona. Mwaka 2024 ndo ilikua balaa zaidi, ziwa lilifungwa kwa uvuvi kuanzia tarehe 15 Mei mpaka 15 Agosti, na katikati ya hapo Euro ya Ujerumani ikachezwa yote. Wavuvi wapo mjini, hawana pa kwenda, hela imebana, jero ya banda ikawa ndo starehe waliyoimudu. Fainali ya tarehe 14 Julai, Hispania na Uingereza, watu walisimama mpaka nje wanachungulia kwenye matundu ya bati. Nico Williams wa Hispania anafunga mwanzoni mwa kipindi cha pili kwa pasi ya Lamine Yamal, kijana aliyetimiza miaka 17 siku moja tu kabla, Palmer anasawazisha, Oyarzabal anamaliza dakika ya 86, na mimi kila nikikumbuka ile mechi nakumbuka zaidi ule mvumo baada ya goli la Oyarzabal ulivoanzia nyuma ukaja mbele kwa sababu wa nje waliona kwa shida wakasubiri wa ndani wawaambie. Hicho kitu simu yako haikupi hata uwe na bando la mwaka.

Kuna sheria moja ya banda hili nataka mabanda yote Kigoma waige. Ukiingia na redio, au simu yenye matokeo ya moja kwa moja, unazima au unatoka. Sababu ni kwamba picha ya dishi inachelewa sekunde kadhaa nyuma ya redio, kwaiyo mwenye redio sikioni anaruka goooo wakati kwenye skrini mchezaji hata krosi hajapiga. Wabetiji ndo wabaya zaidi, mkeka wake ukisoma kwenye simu anapiga kelele banda zima linajua kabla ya kuona. Kuna mabanda nimeacha kwenda kwa jambo hilo peke yake. Hapa mwenye banda anakuja mwenyewe na tochi, anakugusa bega, anasema kaka zima au nikurudishie hela yako. Na hela anarudisha kweli. Mechi ikichezwa hapahapa mjini ndo ngumu kwake maana mtu aliyeko uwanjani anampigia mwenzake aliyeko banda, lakini hata hapo anajitahidi.

Nikisema uwanjani, wengine wataniuliza sasa si uende uwanja wa Lake Tanganyika mwenyewe uone kwa macho. Naenda. Tarehe 25 Julai 2021 fainali ya Kombe la Shirikisho la Azam, Simba na Yanga, mjini kwetu, nilikuwepo. Mimi Simba nasema wazi. Watu walikuja toka Dar kwa mabasi na treni, ndugu ambao hatujaonana miaka wakalala sebuleni, ile ilikua sikukuu ya mkoa mzima. Mukoko Tonombe wa Yanga alitolewa kwa kadi nyekundu kipindi cha kwanza, na zikiwa zimebaki kama dakika kumi ikapigwa kona, Taddeo Lwanga kichwa, 1-0, kombe letu. Furaha ya uwanjani haina mfano na sitaki kuishusha. Ila lile goli, jinsi Lwanga alivomtoroka beki, nililielewa usiku nilipolirudia banda, mtangazaji akieleza polepole huku tumeimba mpaka koo zimekauka. Uwanjani mbele yangu kulikua na migongo. Vyote viwili vinahitajiana, mtu asikudanganye kwamba kimoja kinatosha.

Na Mashujaa, timu yetu ya hapa Kigoma, je. Hapa ndo banda letu linakua tofauti na banda la mkoa mwingine wowote maana moyo unagawanyika. Desemba 2018 Mashujaa wapo daraja la chini walienda Dar wakamtoa Simba kombe la Shirikisho kwa 3-2. Mwaka 2023 wakapanda Ligi Kuu kwa mchujo wakimtoa Mbeya City. Alafu Aprili 2024 hapahapa Lake Tanganyika wakamtoa Simba tena kwa penati. Mimi ile siku ya penati niliangalia nikiwa banda, na nisikilize vizuri hapa, watu wenye jezi nyekundu za Simba walikua wanashangilia Mashujaa. Mzee mmoja jirani yangu, Simba toka enzi inaitwa Sunderland kwa maneno yake, penati ya mwisho ilipoingia alisimama akapiga makofi akasema hawa ni watoto wetu bana, Simba tutaishangilia kesho. Nilikubaliana nae palepale na mpaka leo nakubaliana nae. Timu ya Dar unaichagua, timu ya nyumbani umezaliwa nayo, na banda ambalo lina watu wanaojua hilo ni banda la kukaa.

Mwenye banda alifanya kitu kizuri siku ile, zilipoanza penati alizima kabisa sauti ya TV. Kimya. Kila mpigaji akienda unasikia bati tu linavolia na mtu anakohoa, goli likiingia banda ndo linatangaza lenyewe. Sijui alifikiria nini lakini ule uamuzi ni wa mtu anayejua kazi yake.

Haya muvi. Hapa nna maneno kidogo.

Ratiba ya muvi ni mchana siku za wiki na Jumapili asubuhi, nyingi ni za kutafsiriwa. Waliokulia kwenye kanda za VHS wanamkumbuka Lufufu, Kapteni Mukandala, ile sauti ndo ilitufundisha wengi wetu kuangalia sinema za nje bila kujua Kiingereza wala Kichina. Hakua anatafsiri neno kwa neno, alikua anasimulia, mtu mbaya anaingia unaambiwa huyu ni nani na ana kisasi gani. Mimi naamini kusimulia muvi ni fani kamili kama utangazaji wa mpira na inastahili heshima ileile. Wengi wa saivi wanakosea sehemu moja, wanaongea mfululizo. Mtu anakimbia, anaongea. Mtu analia, anaongea. Ngumi ya Donnie Yen inatua, sauti yake ile ya ngumi ndo utamu wenyewe, we unaipandia juu unasema "amepigwa huyo". Tumeona kaka. Tuachie.

Banda hili wana kijana wao Jumapili anatafsiri laivu kwa maiki, hachezi fleshi iliyotafsiriwa na mtu mwingine, anakaa pembeni ya spika na anaangalia pamoja na nyie. Huyu kijana ana kipaji. Anajua kunyamaza. Kwenye muvi za Kihindi wimbo ukianza anashusha maiki mezani kabisa, na kina mama waliokaa upande wa ukuta wanaimba zile nyimbo zote na Kihindi chenyewe hawakijui, mama yangu mdogo akiwa mmojawapo, toka enzi za Mithun na Amitabh yupo. Wimbo ukiisha anarudi kwa sentensi moja tu anakwambia binti kasemaje, tunaendelea. Na kitu kingine, kila mhusika anampa sauti yake, kuna muvi alikuwepo mvuvi mzee akamfanya aongee Kiswahili chenye lafudhi ya Kiha, banda lilicheka mpaka mtu akamwaga kahawa, lakini yule mzee alipokufa mwishoni watu walinyamaza kwelikweli kwa sababu alishakua mtu wao. Nadhani hata waliotengeneza ile muvi wangefurahi.

Upande wa bongo muvi nasikitika. Napenda muvi za nyumbani, Kanumba alipofariki Aprili 2012 mimi nililia, alikua anatuvusha, alishafika mpaka kuigiza na kina Ramsey Nouah wa Nigeria. Tatizo langu na nyingi zilizokuja baada yake ni sauti tena. Kinanda kinapigwa chini ya maongezi kuanzia mwanzo mpaka mwisho, huzuni kinanda, kupika kinanda, wanaongea barabarani unasikia pikipiki kuliko mhusika. Kwenye simu labda hutaona, weka kwenye spika kubwa za banda ndo inaumbuka, watu wanaanza kupiga stori zao na mwenye banda anabadilisha. Waigizaji wetu sio wabovu jamani. Waongozaji waje siku moja wakae benchi la nyuma kwenye banda la Kigoma waisikilize kazi yao kama sisi tunavoisikia, watabadilika wenyewe.

Sasa muziki, na hapa ndo banda langu linaniangusha.

Kigoma ni mji wa muziki, hili silisemi kwa kujisifu tu. Ng'ambo ya ziwa ni Kongo, rumba kwetu haikuja kama kitu cha wageni, wazazi wetu walikua wanalala nayo redioni. UNESCO walipoiingiza rumba ya Kongo kwenye orodha ya urithi wa utamaduni usioshikika wa binadamu Desemba 2021 hapa watu walipongezana kabisa mtaani. Alafu kuna ya kwetu, Tabora Jazz ya kina Shem Karenga, kuna Remmy Ongala aliyezaliwa Kindu akaja kuwa Mtanzania wa kupendwa na kila mtu. Na wa leo wenye asili ya huku hesabu mwenyewe, Diamond, Ali Kiba, Linex, Mwasiti, ukibishana nani mkali kati ya Diamond na Kiba hapa Mwanga unabishania watoto wa jirani. Mimi maoni yangu, Diamond ni mfanyakazi kuliko wote na biashara ya muziki ameipeleka mbali sana, ila kwa sauti, kwa kuimba tu ukae usikilize, Kiba. Huyo Kiba mpaka mpira amecheza, 2018 alisajiliwa Coastal Union, kwaiyo kwa banda la mpira na muziki huyo ndo mtu wetu haswa. Na Mwasiti hapewi heshima yake, ile sauti ingekua nchi nyingine angekua anajaza ukumbi kila mwezi.

Jumapili mchana kabla mechi za Uingereza hazijaanza kuna kama saa moja na nusu ya muziki, mwenye banda anaiita saa ya wazee, anapiga Franco, Mbaraka Mwinshehe, Marijani Rajab, Tabora Jazz, alafu anakuja mpaka kwa Fally Ipupa na bongo fleva. Uchaguzi wa nyimbo namba moja. Mzee Franco kafariki 1989 na bado sebene likifunguka utaona mtu mzima anainuka na kikombe cha kahawa mkononi. Sema tatizo ni besi. Amenunua sabufa kubwa mpya, nadhani kwa ajili ya amapiano ambazo vijana wanataka, na ameifungulia mpaka mwisho. Rumba inaliwa hai. Rumba utamu wake ni magitaa yanavosemezana, gitaa la ridhimu linashika njia, mi-solo inaingia katikati, solo juu inalia, vyote unatakiwa uvisikie kila kimoja na mahali pake. Kwa ile besi unasikia dum dum dum na mtu anaimba kwa mbali kama yupo ndani ya pipa. Marijani alikua anaimba hadithi, ukikosa maneno umekosa wimbo. Nimekaa kila kona ya lile banda kutafuta pa kusikilizia na pa maana ni sehemu moja tu, benchi la tatu kushoto karibu na mlango mdogo, hapo besi inapita juu yako.

Ajabu ni kwamba kwenye mpira yuleyule mtu anajua kabisa kupunguza besi ili mtangazaji asikike. Anajua! Kwenye muziki anaona kelele ndo biashara. Nimemwambia, akasema vijana wataenda banda la pili. Sikubaliani nae, vijana wanaokuja kwake Jumapili wanakuja kwa mechi, muziki watausikiliza vyovyote utakavopigwa, na ukipigwa vizuri kuna mmoja wawili wataondoka wamempenda Mbaraka Mwinshehe maisha yao yote.

Mengine kwa haraka. Joto lipo, hasa fainali, feni mbili hazitoshi. Kahawa ya mlangoni nzuri, mihogo ya kukaanga ya yule dada wa nje na pilipili yake ni sababu ya kutosha kwenda hata kama hakuna mechi. Umeme ukikata ana jenereta na anaiwasha ndani ya dakika chache, mabanda mengine wanakuambia subirini huku mechi inaisha. Wanawake bado wachache usiku kwa sababu njia ya kutokea ni giza na wakati wa mechi za Simba na Yanga matusi ya watani yanazidi, mchana kwenye muvi wanajaa, kwaiyo akiweka taa nje na kukemea matusi kama anavokemea redio atapata wateja wengine nusu ya alionao. Dada zangu wanaujua mpira kuliko wanaume wengi ninaokaa nao, nataka waje.

Maksi zangu: mpira tisa kwa kumi, muvi za Jumapili na yule kijana nane, muziki nampa tano na hizo tano zote ni za uchaguzi wa nyimbo. Ukija mara ya kwanza njoo Jumapili saa nane mchana, lipa hela ya mechi kabisa maana saa ya wazee haina kiingilio chake, kamata benchi la tatu kushoto, simu weka kimya. Na mwenye banda najua mwanao atakusomea hapa, bro spika ya juu ya kulia waya umelegea, inakata kila besi ikipiga, kaza ule waya na shusha sabufa nusu, Jumapili ijayo nakuja na fleshi ya Tabora Jazz niliyosafishiwa na rafiki yangu wa Tabora, tuijaribu wote kabla watu hawajaja.